Kuzima lokesheni hakukufichi: tuelekezane ruhusa za simu, wadau wa Mtwara na Lindi

FundiWaMasasi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu wote, mlioko pwani na sisi wa huku juu.

Nafungua uzi huu kwa sababu maswali ya lokesheni yamekuwa mengi mezani kwangu, na majibu yanayozunguka mtaani mengi ni ya kusikia. Mteja analeta simu abadilishiwe kioo, nakuta lokesheni imezimwa tangu siku aliyoinunua. Ukimuuliza anakwambia "inakula bando, fundi" au "sitaki wanione". Ukiingia kwenye ruhusa za simu hiyo hiyo, mchezo wa karata unasoma majina yote ya simu na kikokotoo kinasoma meseji. Hayo hayamsumbui, hajawahi kuyaona.

Nianze na bando. GPS yenyewe haili bando. Simu haitumi kitu angani, inasikiliza tu. Setilaiti za GPS, zile za Marekani, ziko juu yetu kilomita kama 20,200. Kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo, na simu ikizisikia nne kwa pamoja inapiga hesabu yenyewe ikajua iko wapi. Simu nyingi za sasa zinasikiliza pia GLONASS ya Warusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Wachina. Kinachokula bando ni picha ya ramani inayoshushwa, matangazo, na programu inayolichukua jibu lile na kulipeleka kwa wenye programu. Chaji ndiyo, inaliwa, lakini pale programu inapoiendesha GPS mfululizo. Swichi ikiwaka bila programu kuitumia, betri haisikii kitu cha maana.

Sasa tuje kwenye swichi. Ile unayoiona ukishusha pazia la juu ni swichi kubwa. Chini yake kuna ruhusa ya kila programu. Na pembeni kabisa kuna mnara wa mtandao, ambao hauna habari na swichi yako. Watu wanahangaika na swichi kubwa, kazi iko kwenye ruhusa.

Ingia Mipangilio, kisha Mahali, kisha ruhusa za programu. Kuna simu zinaificha chini ya Faragha, itafute. Utakuta programu zimegawanywa: zinazoruhusiwa wakati wote, zinazoruhusiwa zikiwa zinatumika, zinazotakiwa kuuliza kila mara, na zilizokataliwa. Kundi la kwanza ndilo la kukagua leo kabla hujalala. "Wakati wote" maana yake simu iko mfukoni, kioo kimezima, wewe uko shambani unapalilia, na bado programu inaweza kuuliza ulipo. Wenye haki hiyo ni wachache mno: ile ya kutafuta simu iliyopotea, labda na ya kumfuatilia mtoto. Nyingine zishushe ziwe "inapotumika". Usiyoielewa ikatalie. Ikiihitaji kweli utaona inagoma, na kuirudishia ruhusa ni kubonyeza tu.

Karibuni na maswali. Anayejua zaidi yangu asahihishe, sina kinyongo.

Mchongoma_Liwale

Nimekaa siti ya mbele. Uzi mzuri huu.

KijanaWaShangani

Mkuu hiyo "Mahali" siioni, simu yangu yote Kiingereza.

FundiWaMasasi

Badili lugha, mdogo wangu. Kiswahili kipo kwenye karibu Android zote siku hizi. Sijui aibu ilitoka wapi ya simu kuongea Kiswahili. Mtu anaona bora abonyeze "kubali" kwenye maneno asiyoyasoma kuliko wenzake wachungulie wakute "Mipangilio".

NahodhaMikindani

Fundi heshima yako. Mimi natoka usiku na vijana wangu, tuna sehemu zetu za changu na chewa tumeziweka kwenye simu. Tukiwa ndani ya ghuba inashika vizuri. Tukishatoka nje minara ikipotea, ramani inakuwa nyeupe, na mara nyingine inazunguka weee mpaka nakata tamaa. Hapo si bando limeisha hilo?

FundiWaMasasi

Nahodha, ni vitu viwili tofauti hivyo. Ramani nyeupe ni picha haijashushwa. Ukiwa bado nchi kavu na waifai au bando, ishushe ramani ya eneo lako ikae ndani ya simu. Lakini hata ikiwa nyeupe, ile nukta yako ni ya kweli. Kwa baharini ramani ya barabara haina kazi sana, tafuta programu inayoandika namba za latitudo na longitudo na kuhifadhi pointi.

Ile kuzunguka ni kwa sababu mtandao huwa unaisaidia simu kujua mapema setilaiti zipi ziko juu yake. Mtandao ukikosekana lazima izisikilize zote yenyewe mwanzo mpaka mwisho, na hilo linachukua muda. Iwashe ufukweni, iache ishike ukiwa na mtandao, ndipo msukume chombo. Usiiweke chini ya turubai.

Na nikuulize: hao vijana wako wanapiga picha za samaki?

NahodhaMikindani

Wanapiga sana. Kila tukipata kubwa lazima ipigwe picha, inakwenda status.

FundiWaMasasi

Basi chunga sehemu zako. Kamera ikiwa na ruhusa ya lokesheni, na kule ndani ya mipangilio ya kamera "hifadhi mahali" ikiwa imewaka, picha inabeba namba za mahali ilipopigwa. WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida inazifuta. Ukituma kama dokumenti ili isipoteze ubora, au ukiirusha kwa Bluetooth, namba zinakwenda nazo. Mwenzio anaifungua, anasoma maelezo ya picha, kesho unamkuta ametia nanga juu ya mwamba wako.

NahodhaMikindani

Subhanallah. Ndiyo maana. Ngoja leo nikae nao hao.

MbishiWaNachingwea

Mnajidanganya bure. Wanaokuona wanakuona hata uzime kila kitu. Kitochi hakina GPS na bado watu wanakamatwa nacho.

FundiWaMasasi

Mbishi, nusu ya ulichosema ni kweli na ndicho nilichoandika juu pale. Simu yoyote yenye laini lazima ijitambulishe kwa mnara, la sivyo ungepigiwaje? Mtandao unajua uko chini ya mnara upi. Huku kwetu mnara mmoja unaweza kuhudumia vijiji kadhaa, kwa hiyo kwa mnara peke yake jibu ni la eneo tu. Hilo huwezi kulizima ukiwa unataka kupigiwa.

Ila mimi uzi huu sikuuandikia watu wanaokimbia polisi. Nimeandika kwa mtu ambaye kampuni asiyoijua inauza habari za nyendo zake, au mtu wa karibu anamfuatilia bila yeye kujua. Hao wote hawana mnara. Wanategemea ruhusa uliyowapa wewe.

MsafiriWaKilambo

Ya minara naiunga mkono. Ukikaribia Ruvuma pale Kilambo simu inadaka mnara wa Msumbiji, saa inarudi nyuma saa nzima maana wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Lokesheni imezimwa, GPS imezimwa, na simu imeshaamua uko nchi nyingine! Nimeshakuta abiria wawili wanagombana kuhusu gari linaondoka saa ngapi, wote wana saa sahihi, mmoja ya Dodoma na mwingine ya Maputo.

Mchongoma_Liwale

😂😂 Hata upande wa Mtambaswala karibu na Daraja la Umoja yapo hayo.

FundiWaMasasi

Mnaoishi kandokando ya mto, zimeni saa za eneo za kiotomatiki, muweke Afrika Mashariki kwa mkono. Halafu kwenye mipangilio ya laini zimeni data ya ng'ambo na mchague mtandao wenu kwa mkono. Vinginevyo salio linayeyuka na hujavuka hata mto.

BintiWaMtwara

Kaka fundi, samahani kama natoka nje ya mada. Mimi mume wangu anajua kila ninapokwenda. Natoka Ligula nashuka sokoni, hata sijanunua kitu, simu inaita: "Mbona uko sokoni?" Lokesheni nazima, nawasha mara mojamoja mtu akinitumia ramani au nikitaka kuelekeza bajaji. Simu alininunulia yeye, ilikuja imeshawekwa kila kitu, WhatsApp na nini. Anafanyaje?

MbishiWaNachingwea

Dada kwani una nini cha kuficha? Mume ni mume.

MamaKitunda

Mbishi, hebu weka na wewe lokesheni yako hapa tuione sote. Huna cha kuficha si ndiyo?

KijanaWaShangani

😂😂😂 kimyaaa

FundiWaMasasi

Dada yangu, hujatoka nje ya mada, mada yenyewe ni hiyo. Twende taratibu, tuanze na yaliyo rahisi.

Fungua WhatsApp, mipangilio, faragha, uangalie mahali mubashara, yaani kumwonesha mtu ulipo muda huo huo. Hiyo huwa inaisha yenyewe, ya muda mrefu kabisa ni saa 8, kwa hiyo kama ndiyo hii lazima mtu awe anaishika simu yako na kuiwasha upya. Ukiwa humo humo angalia vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta au simu usiyoijua, kuna mtu anasoma meseji zako zote, na hapo hahitaji lokesheni, anasoma tu ulivyomwambia shoga yako "nipo sokoni".

Kisha fungua ramani za Google, bonyeza picha yako ya juu pembeni, ingia kushiriki mahali. Huko mtu anaweza kuwa amewekwa "hadi uzime", yaani moja kwa moja. Jina lake litaonekana.

Ila kwa ulivyosimulia, dau langu naweka kwenye akaunti ya Google. Hili ndilo kubwa huku kwetu na hakuna anayelisema. Mtu ananunua simu, hajui kufungua Gmail, muuzaji au aliyemnunulia anamfungulia papo hapo, anaweka paswedi anayoijua yeye, na namba ya kurejesha akaunti anaweka ya kwake. Ni kama kupanga nyumba dalali akabaki na ufunguo. Mwenye paswedi hiyo anaingia kwenye ukurasa wa Google wa kutafuta simu iliyopotea kwa kompyuta yoyote, simu yako inamtokea kwenye ramani. Ukiwasha lokesheni uelekeze bajaji, ndipo hapo anapokuona. Ukiizima, anabaki kuona ulipoonekana mwisho. Na siyo mahali tu: picha zinazohifadhiwa kwenye akaunti na majina ya simu vyote viko mle.

Angalia hivi: Mipangilio, Google, dhibiti akaunti yako, kisha Usalama. Soma barua pepe ni ya nani, namba ya kurejesha ni ya nani, na chini kuna "vifaa vyako". Usiondoe chochote kwanza. Soma tu, uniambie.

MamaKitunda

Binti, mimi siyo fundi, nakupa ya utu uzima. Kama huyo bwana ni wa mkono mwepesi, usikurupuke kubadilisha. Ukibadilisha paswedi yeye ataona amefungiwa, na atajua ni wewe. Kwanza uwe na mtu wako wa karibu anayejua, shangazi au dada, na uwe umeshaamua utamjibu nini. Kwa kuongea mambo ya siri tumia simu ya mtu unayemwamini, si hiyo.

FundiWaMasasi

Mama umesema lililo zito kuliko yangu yote. Dada msikilize kwanza yeye.

BintiWaMtwara

Nimesoma. Barua pepe si jina langu wala lake, ni jina la duka na tarakimu. Namba ya kurejesha naijua, ni ya kwake. Vifaa kuna hii yangu na nyingine inaandika Windows. Yeye kazini anatumia kompyuta. Shukrani mama, mtu wa mkono mwepesi siye, ni wivu tu. Nitaongea naye mwenyewe, tena mbele ya wifi yangu. Lakini akaunti nataka ya kwangu.

FundiWaMasasi

Sawa kabisa. Fanya kwa mpangilio huu maana wengi hapa ndipo wanapopoteza majina. Fungua akaunti mpya kwa namba yako wewe. Majina ya simu yahamishie kwenye akaunti mpya. Picha ulizo nazo kwenye ile ya zamani zishushe. Nakala ya WhatsApp, ndani ya mipangilio ya WhatsApp sehemu ya mazungumzo, ibadilishe iende kwenye Gmail mpya na uisubiri imalize. Hapo ndipo unaiondoa ile ya duka kwenye simu. Ukianza kwa kuiondoa utakuja hapa unalia kwamba namba za watu zote zimepotea.

Na badilisha namba ya kufungulia kioo. Yote hayo ni kazi bure kama anaweza kuishika simu usiku.

MwalimuNewala

Na mimi nina la kwangu. Nilishusha programu ya mkopo, shida ilinibana. Nilichelewa kulipa siku chache tu, meseji zikaanza kwenda kwa watu: mwalimu mkuu, mama mkwe, mzazi wa mwanafunzi wangu, hata fundi cherehani. "Mjulishe ndugu yako ni tapeli." Nimekwenda kwenye ruhusa nimezima majina na lokesheni. Wameendelea. Kwa nini?

FundiWaMasasi

Pole sana mwalimu. Kuzima ruhusa kunazuia wasichukue tena. Walichokwishachukua siku ile ulipobonyeza "ruhusu" kiko kwao, hakifutiki kwa kuzima wala kwa kuitoa programu. Ndiyo maana napiga kelele kuhusu majina na meseji kuliko lokesheni. Mahali ulipo leo kesho panakuwa habari ya zamani. Mama mkwe wako ni yule yule.

Ujue pia kwamba tangu Mei 31, 2023 sheria za duka la Play zinakataza programu za mikopo kugusa majina na picha za mteja. Ukiona ya mkopo inaomba majina, au imekuja kwa linki ya meseji nje ya duka, hapo hapo iache.

WakiliWaMtaa

Niongeze hapo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, mwalimu itafute uone kama ya kwako imo. Na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake inayopokea malalamiko. Hizo meseji usizifute. Piga picha kioo, waombe na waliotumiwa wafanye hivyo, ioneshe namba na tarehe. Deni halali utalilipa, ila kutangazwa kwa mama mkwe hakumo kwenye deni.

MwalimuNewala

Nashukuru sana wakili. Nilikuwa nazifuta kwa hasira. Naanza kuzihifadhi.

Ustaadh_Kilwa

Mimi nauliza ya nyakati za swala. Programu yangu inataka lokesheni wakati wote, nikikataa inaleta maneno. Nayo ni ya dini, sidhani kama ina ubaya.

FundiWaMasasi

Ustaadh, mwaka 2020 vyombo vya habari Marekani viliandika kwamba programu moja ya swala inayotumiwa na mamilioni ya watu ilikuwa ikipeleka mahali pa watumiaji kwa kampuni inayouza data hizo, na wanunuzi wakawamo wa upande wa jeshi. Walipoandikwa walisema wamevunja uhusiano. Kwa hiyo dini iko kwako, programu ni biashara ya mtu.

Tena angalia mahitaji yenyewe. Ukisogea magharibi kilomita mia na ushei saa ya swala inabadilika dakika kama nne. Tofauti ya mtaa na mtaa ni sekunde. Chagua tu "Kilwa" au "Lindi" kwa mkono umemaliza. Au kama Android yako ni ya 12 kwenda mbele, zima "mahali mahususi", ibaki na mahali pa kukadiria, inajua uko ndani ya eneo la kilomita za mraba kama tatu. Kwa adhana inatosha na kubaki.

Ustaadh_Kilwa

Na kibla je?

FundiWaMasasi

Kibla ni dira ya simu na mji ulipo. Sisi huku tuna bahati, Makka iko karibu kaskazini kamili kutoka Mtwara na Lindi. Dira ikiwa nzima huhitaji hata programu.

MkulimaTandahimba

Hapo kwenye kukadiria ndipo nimeelewa kitu. Nilishusha programu ya kupimia shamba, nikizunguka mikorosho yangu leo inasema ekari tatu, kesho saba. Shamba halijahama!

FundiWaMasasi

Angalia kwanza kama umeipa mahali pa kukadiria tu mzee wangu. Hiyo ndiyo moja ya programu chache zinazotaka mahali mahususi. Mpe, lakini inapotumika tu.

BwanaShambaMstaafu

Hata ukimpa, kuna adabu za kupima. Simu ya kawaida mahali pa wazi inakosea kama mita tano. Chini ya mikorosho iliyofungana inakosea zaidi maana majani yanaziba mawimbi. Pita nje ya matawi, siyo kwenye mashina. Kila kona simama kidogo, nukta itulie ndipo uweke alama. Na ujue ukubwa wa shamba lenyewe: ekari moja yenye umbo la mraba upande wake ni mita 64 hivi, kosa la mita tano hapo linayumbisha hesabu. Ekari kumi upande ni mita 200, halionekani sana. Ukitaka cha kugombea mpaka wa shamba mahakamani, tafuta mpima mwenye vyombo vyake, simu iachie makadirio ya salfa ya kupulizia mikorosho.

KijanaWaShangani

Fundi na hii simu kusikiliza? Juzi naongea na mshikaji habari za godoro, jioni tangazo la godoro.

FundiWaMasasi

Tangu Android 12, maiki au kamera ikitumika kuna kitone cha kijani juu ya kioo. Ingia Faragha, kuna dashibodi inaonesha programu ipi iligusa maiki, kamera na mahali ndani ya saa 24. Angalia kwanza ndipo ushtaki. Huenda mshikaji wako ndiye aliyetafuta godoro kwa simu yake, mkiwa waifai moja, na watangazaji wakajua mko pamoja.

Ya kuogopa kuliko maiki ni ruhusa inayoitwa ufikivu. Imewekwa kwa ajili ya wenye ulemavu, inaweza kusoma kila kinachotokea kioo na kubonyeza badala yako, pamoja na ukiwa unatuma pesa. Programu ya kutazamia mpira uliyorushiwa kijiweni, au WhatsApp ya kuchonga isiyo rasmi, ikiomba ufikivu, toa siku hiyo hiyo.

MtotoWaLindi

Wa iPhone mmetusahau.

Mchongoma_Liwale

Nilisema watakuja.

FundiWaMasasi

Wa iPhone mna raha. Mipangilio, Faragha na Usalama, Huduma za Mahali. Kila programu ina chaguo zile zile, na swichi ya mahali kamili mnayo tangu iOS 14 ya 2020. Kuanzia 14.5 programu ikitaka kukufuatilia kwenye programu nyingine lazima ikuulize, mjibu hapana.

Wenye Android 6 hadi 9, kwenu kuna "ruhusu" na "kataa" basi, hakuna "inapotumika". Kataa, na siku ukiihitaji washa, ukimaliza zima.

DogoNdanda

Fundi nataka kuuza hii yangu, msimu wa korosho ukifunguka nichukue kubwa. Nikifuta picha nikatoa laini inatosha?

FundiWaMasasi

Haitoshi. WhatsApp hamishia kwingine kwanza, kadi ya memori toa, kisha uondoe akaunti ya Google ndani ya Mipangilio, ndipo uirudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Ukiirudisha kiwandani kwa vitufe na akaunti imo, ikiwaka itamdai mnunuzi paswedi yako, atakufuata na maneno. Ukimaliza ingia kwenye akaunti yako kwa simu mpya, kwenye orodha ya vifaa; ile ya zamani ikiwa bado imo, iondoe.

DogoNdanda

Na kama paswedi siijui? Alinifungulia jamaa wa stendi.

FundiWaMasasi

Basi usiuze bado. Ijaribu kwanza "nimesahau paswedi", uone msimbo unatumwa namba ipi. Ikiwa ni yako, umepona. Ikiwa ni ya jamaa, mfuate stendi akupe, ubadilishe mbele yake.